Injini Niliyoipunguza

Nyangeta mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula mihogo, umegombana na mama yako juu ya uzito wa begi, na saa nane umevaa ile blauzi ya bluu ukaenda mjini kumuaga Mzee Kanti. Sasa saa kumi na moja inagonga na bado hujarudi. Ndege yako ya kwenda chuoni ni kesho asubuhi. Mchana wako wa mwisho Mwanza umempa mtu mwingine, na mimi nimekaa hapa barazani Buswelu na kaunta buku la kazini, nina wivu. Nimeona niliandike hilo neno mapema kabla halijanitoroka.

Mama yako amechungulia, amesema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga oili. Mambo ya kula kwa wakati, kusali na kutoazima watu nguo atakuambia yeye, ameyapanga kichwani tangu wiki iliyopita. Mimi nina jambo moja tu. Nitazunguka kidogo kabla sijalifikia kwa sababu ni zito. Usiruke kurasa.

Ni mimi niliyekupeleka kwa Mzee Kanti. Hilo huwa najikumbusha nikitaka kujiumiza. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, tulikwenda dukani kwake Nyamagana kununua plagi za mashine ya boti. Nilikuwa mteja wake wa miaka mingi, na kabla yangu mafundi wengine walikuwa wateja wa baba yake, lakini nyuma ya lile pazia la duka sikuwa nimewahi kuingia. Siku hiyo pazia lilikuwa wazi. Ukaona kiti cha gari kuukuu, usukani, skrini tatu za kompyuta na vimkono viwili vya kuongezea nguvu, kila kimoja na injini yake. Nilidhani mzee wa watu anacheza gemu. Yeye akakuuliza, "Binti, mita unajua kuzisoma?" Ukasema baba amenifundisha. Nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi ulikuwa umeshairusha ndege ya abiria kutoka Mwanza na uko juu ya Ukerewe. Ukageuka ukaniangalia kama mtu anayejiuliza huyu aliyeingia ni nani.

Kabla ya siku hiyo ulikuwa wangu. Una miaka saba ulikuwa unaweka sikio kwenye mfuniko wa mashine pale mwaloni Kirumba, boti za samaki zinapotia nanga, unafumba macho, unasema, "Silinda ya pili, baba, hairuki vizuri." Wavuvi walikuwa wanakununulia soda ili tu wakusikie. Walisema sikio hilo umelitoa kwa baba yako, Magesa. Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonikaa kama hiyo.

Halafu ikaanza hadithi ya Mzee Kanti anasema. Kila chakula cha jioni, Mzee Kanti anasema. Unakumbuka ule ubishi wetu wa Dar na Mwanza? Ulisema ndege ile ile, injini zile zile mbili, mzigo ule ule, ikiwa Dar inainuka mapema, ila ikiwa Mwanza saa saba mchana inakula barabara karibu yote ndipo iinuke. Nikasema injini ni injini, ikishindwa kuvuta ina ugonjwa. Ukasema, "Haina ugonjwa, baba. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Injini inakula hewa pia, haili mafuta peke yake." Nikakuambia nimelisha injini tangu hujazaliwa. Ukaendelea kula kwa adabu. Sasa nakuambia kwamba nilijua uko sahihi wakati ule ule unasema. Kuchanganya hewa na mafuta ndiyo kazi ya kabureta, na kabureta ndizo zilizokulisha. Lakini badala ya kusema kweli nilisema ugali umepoa.

Kitu kilichonichoma si kwamba ulinishinda. Ni kwamba maneno yale ningeweza kukuambia mimi, kama tu ungeniuliza.

Na kuna jingine ambalo hata mama yako nimemficha miaka. Nikiwa kijana nimetoka Majita kuja Musoma kutafuta kibarua, nilikwenda kwenye uwanja wa ndege nikamwambia mlinzi nataka kujifunza kazi ya ndege. Yule mlinzi hakunicheka hata. Aliniambia kuna gari limezimika pale, nisaidie kusukuma. Nikasukuma, nikapewa ahsante, nikaondoka. Miaka yote uliyokuwa unakaa kwenye kiti cha Mzee Kanti nilikuwa namwonea wivu yeye kwa ajili yako. Lakini chini ya wivu huo kulikuwa na mwingine. Nilikuwa nakuonea wewe. Huo wa pili ndio mbaya, na ndio uliofanya nilichokifanya.

Lakini kwanza ile Jumamosi. Hadithi yangu na boti ya Nansio umeisikia mpaka umeikariri. Boti ya abiria yenye injini mbili, upepo umekaza, injini ya kushoto inakufa, boti inavuta kushoto kama mbuzi aliyefungwa kamba, watu wanalia. Nahodha anakazana na usukani. Mimi nasema punguza ya kulia, punguza tena, mpaka boti inanyooka, na tunakwenda polepole mpaka gatini. Mama mmoja akanipa kuku. Hiyo ndiyo siku yangu moja maishani niliyokuwa mtu mkubwa, na nimeila tangu hapo.

Basi ile Jumamosi ulinishika mkono ukanikalisha kwenye kiti cha Mzee Kanti. Ulisema, "Baba leo unarusha wewe." Ulikuwa na furaha, uso wako naukumbuka. Ulinipa ndege ya abiria ya injini mbili, uwanja wa Mwanza, pua imeelekea ziwani. Uliniambia kuna spidi ambayo ukishaivuka huruhusiwi kusimama tena, unaondoka tu, hata likitokea la kutokea. Nikasukuma vimkono vyote viwili mbele. Ikaenda, ikavuka ile spidi, ukasema vuta, nikavuta, ziwa likaonekana chini. Nikajisikia vizuri kuliko nilivyotaka uone. Hapo ukaiua injini ya kushoto.

Pua ikaenda kushoto, na mimi nilijua la kufanya. Nilijua kabisa. Nikashika kimkono cha kulia nikakirudisha nyuma, taratibu, kama siku ile ya Nansio. Na kweli ikanyooka. Ninakuapia, nilitaka kucheka kwa raha. Ikanyooka vizuri sana, ikashuka imenyooka, ikaingia ziwani imenyooka.

Ukasema, tena kwa upole, "Baba, iliyokufa imeshakufa. Nzima unaipunguzia nini?"

Mzee Kanti hakucheka. Angecheka ningepona. Alimimina chai ya tangawizi akanipa kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Fundi, kwenye boti ulikuwa sahihi. Boti ikikosa nguvu inaelea. Hii haielei." Halafu akanieleza kwamba ndege ya injini mbili kila injini hupewa nguvu ya kutosha kuibeba ndege peke yake ikishapaa, kwa hiyo ile iliyobaki unaiacha isukume, na pua unainyoosha kwa mguu, unakanyaga pedali ya upande ulio hai. Wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa kila neno lake. Ile chai sikuimaliza.

Sasa nimefika.

Miezi michache baadaye ulijaza fomu za chuo cha urubani. Simu yako ilikuwa imekufa kioo, ukaandika namba yangu. Simu ilipigwa siku ya Jumanne, nipo kibandani mwaloni, mikono ina oili, nikaibana kwa bega. Sauti ya mwanamke, ya heshima. Akasema anamtafuta Nyangeta Magesa, ameitwa kwenye usaili Dar es Salaam, siku kumi zijazo. Akauliza anaongea na nani. Nikasema baba yake.

"Yupo karibu, mzee?"

Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Ulikuwa umechuchumaa unaosha kabureta ya mtu kwa petroli, umenipa mgongo.

"Hayupo," nikasema. "Amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Sijui."

Akasema atajaribu tena. Nikakata, nikafuta namba. Ukauliza bila kugeuka, "Nani huyo, baba?" Nikasema mteja.

Hiyo ndiyo. Nimeiandika, na mkono haujakauka kama nilivyodhani.

Nilijipa sababu. Dar ni mbali, binti peke yake, ndege huanguka. Kwa muda nilizivaa sababu hizo kama koti na zikanitosha. Lakini kama ilikuwa hofu, ningekuambia nina hofu, na wewe ungenitania kisha ungekwenda. Hofu haifuti namba kwenye simu. Ulikuwa wivu, mwanangu. Niliona pua inaelekea upande nisiouweza, nikapunguza ile injini iliyokuwa nzima ili tulingane.

Uliisubiri ile simu. Kila jioni ulikuwa unaomba kuangalia simu yangu, na mimi nilikuwa nakupa. Mpaka siku uliyosikia wenzako wameshaanza masomo. Ulilia nyuma ya jiko ukidhani hatukusikii. Nikatoka nikakununulia chipsi mayai, nikakaa na wewe kwenye ndoo, nikakuambia, "Wamechukua watoto wa wakubwa. Ndiyo nchi ilivyo." Ukaniamini. Mwaka mzima umewachukia watu ambao hawakukukosea, kwa sababu yangu. Sijui kati ya ile simu na ile chipsi kipi kibaya zaidi. Siku zingine naona ni chipsi.

Na nilichotaka hata sikukipata. Nilidhani utarudi kwangu mwaloni, tufungue mashine pamoja kama zamani. Ukaenda kuomba kazi kaunta kwa Mzee Kanti. Mchana ukawa unauza spea, duka likifungwa unakaa kwenye kile kiti. Mwaka ule niliokuibia nilimpa yeye. Alikufundisha kutua kwenye upepo wa ubavu, alikufundisha mvua, alikufundisha injini moja mpaka ukawa unaweza huku unakula karanga. Ulipokuwa unakuja nyumbani umechoka na una furaha nilikuwa natafuta ugomvi kwenye chumvi.

Mwaka uliofuata nilikuona unajaza fomu tena, hapa hapa barazani. Nikasogea. Namba uliyoandika haikuwa yangu, ilikuwa ya Mzee Kanti. Ukasema, "Mtandao wa mwaloni mbovu, baba." Hukuniangalia. Mpaka leo najiuliza kama ulijua. Kama ulijua, basi umenifichia aibu yangu mwaka mzima na kila asubuhi ukaniamkia. Kama hukujua, sasa unajua.

Na hujui jinsi habari zilivyonifikia. Ulidhani Mzee Kanti alinipigia simu. Hapana. Mzee wa miaka sabini, anayeogopa bodaboda kuliko kifo, alipanda bodaboda kutoka mjini mpaka Kirumba. Nilimwona anashuka, viatu vyake vyeusi vinakanyaga magamba ya samaki, anauliza watu kibanda cha Magesa kiko wapi. Akafika anahema.

"Fundi, wa chuo wamepiga. Ameitwa."

"Amesemaje?" nikauliza, yaani wewe.

"Sijamwambia. Nimemtuma benki, yuko kwenye foleni. Wewe ndiye baba yake. Kamwambie wewe."

Akakataa hata kukaa. Mimi nilipata simu yako nikaificha. Yeye alipata simu yako akaileta kwangu, mkononi, ili furaha yako ianzie kwenye mdomo wangu. Ningependa kukuandikia kwamba siku hiyo nilimpenda. Nilimchukia kuliko siku zote. Nilikuja nikakuambia, ukalia kwenye shati langu, na kabla shati halijakauka ukauliza, "Mzee Kanti ameshajua?"

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, nami nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akasema, "Baba Nyangeta, utamwambia mwenyewe. Mzigo huo sikubebei." Nikasema nitaandika barua niiweke kwenye begi lake, aisome akifika. Akaniangalia. "Akifika? Ili akulilie huko, na wewe uko huku unakunywa chai?" Akachukua ungo akaingia ndani.

Ana haki. Nilitaka uisome ukiwa umeshavuka ile spidi yako, usiweze kurudi kunigeuzia uso. Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi kesho, kabla ya chai, na nitatoka nje nikuache nayo.

Ushauri sina mwingi. Wenye haki ya kukushauri wako wengine. Ninalolijua ni hili tu, kwa kuwa nimelifanya kwa mikono yangu. Huko uendako utakutana na mtu anayekuzidi, au utamfundisha mtu akakuzidi, na siku moja utaweza kumpunguza kidogo bila mtu yeyote kukuona. Na ukimpunguza utajisikia umenyooka. Nataka ujue hivyo mapema, kwamba utajisikia vizuri, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia, na ile raha ndiyo iliyonidanganya. Nilijisikia nimetengeneza. Sikuangalia chini.

Mimi bado sijapona, usije ukadhani barua imenitoa ugonjwa. Sasa hivi nakuona unakuja kule kwenye kona ya duka la mkaa, umebeba kitu kimefungwa gazeti. Bila shaka amekupa zawadi. Nadhani ni vile vimkono viwili vya nguvu, naona umbo lake, amevifungua kwenye kiti chake mwenyewe akakupa. Moyo umenifanya vilevile kama siku ya pazia. Nimenunua saa ya kukupa, sasa naiona ya kijinga. Nitakupa hivyo hivyo.

Naandika haraka kabla hujafika. Uliniomba Mzee Kanti aje uwanjani kesho, nikakuambia gari tuliloazima halina nafasi kwa sababu ya mabegi. Nafasi ipo. Nimempigia kabla sijaanza kuandika. Akauliza, "Una hakika, fundi?" Nikasema nina hakika, tutampitia mjini saa kumi na mbili.

Kesho sitakudai shikamoo. Nitakuwa nimesimama karibu na gari. Ukitoka ukaniamkia, nitaitikia, nami nitakaa nyuma na mabegi, kwa sababu kiti cha mbele ni cha Mzee Kanti. Ukipita bila kuniamkia, nitafunga mlango wa gari nibaki, nitembee mpaka mwaloni. Ndege ya asubuhi huwa naisikia kutoka pale. Nitafumba macho niisikilize, ya kushoto na ya kulia. Zikiwa nzima zote mbili, itanitosha.

Baba yako,
Magesa